Kiunzi cha mfupa kwa pumba za mpunga na maganda ya mayai: mwongozo wa maabara

Ukishika kiunzi kilichokamilika unaweza kudhani umeshika kipande cha mkate mkavu. Ni cheupe na chepesi, kina matundu kila upande, na ukikibana kwa vidole bila uangalifu kinasagika. Lakini kiloweke wiki moja kwenye majimaji yenye chumvi kama zile za damu, kisha kitazame kwa hadubini ya elektroni. Utakuta kuta zake zimevaa koti jembamba la madini ya jamii ileile inayoufanya mfupa wako uwe mgumu. Koti hilo halikupakwa na mtu, limejiotea lenyewe.

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa uzamili, fundi sanifu wa maabara, au mhadhiri anayetaka kuanzisha kazi hii mahali pasipo na vifaa vya mamilioni. Hii ni kazi ya maabara tu. Kipande utakachokitoa hapa hakiingii mwilini mwa mtu, wala mwilini mwa mnyama bila kibali cha maadili. Tukubaliane hilo kabla hujawasha tanuri.

Kwa nini silikati

Mtu akipata ajali ya bodaboda na sehemu ya mfupa wa muundi ikasagika, daktari mara nyingi huchota mfupa kidogo kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuujazia pengo. Ni tiba nzuri, ila nyonga haina akiba isiyokwisha, na jeraha la pili lina maumivu yake. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kiunzi: kitu cha kushikilia nafasi, seli zipande juu yake, mishipa ya damu ipenye ndani, halafu chenyewe kiyeyuke polepole na kuuachia mfupa mpya pale.

Mwaka 1969 Larry Hench, akiwa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitengeneza kioo chenye silika 45%, oksaidi ya sodiamu 24.5%, oksaidi ya kalsiamu 24.5% na pentoksaidi ya fosforasi 6% kwa uzito. Vipande vyake vilipopandikizwa kwenye mapaja ya panya viligoma kutoka, maana mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Mwaka 1970 mtafiti Edith Carlisle akaonyesha kwamba silikoni hujikusanya mahali hasa ambapo mfupa mchanga unaanza kukomaa na kuwa mgumu. Tangu hapo silikati, yaani misombo ya silikoni na oksijeni pamoja na metali kama kalsiamu, zimekuwa na nafasi yake kati ya kauri za mifupa.

Kioo cha Hench huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 1300 za Selsiasi na zaidi, na kawaida ndani ya chombo cha platinamu. Wengi wetu hatuna platinamu. Kwa hiyo nakushauri uanze na wolastonaiti, yaani silikati ya kalsiamu, CaSiO3. Inahitaji vitu viwili tu, silika na chokaa, na vyote viwili vinatupwa mitaani kila siku. Silika imo kwenye pumba za mpunga, zile zinazorundikana nyuma ya mashine za kukoboa kule Kyela, Mbarali au Mwea, na chokaa imo kwenye maganda ya mayai.

Nimewaona wanafunzi wengi wakitumia miezi sita kusafisha kemia hadi itakate, kisha siku mbili kutengeneza matundu. Matokeo yake ni unga safi kabisa na kiunzi kisichofaa. Kazi hii hushinda au kushindwa kwenye matundu, basi usinishangae nikikawia huko kuliko kwingine.

Hatua ya 1: Silika kutoka pumba

Chukua gramu 400 za pumba kavu. Zioshe kwa maji mpaka mchanga na chenga ziishe, kisha zichemshe taratibu kwenye asidi hidrokloriki ya molari 1, kama nyuzi 90, kwa saa moja na nusu, ndani ya kabati la kuvutia moshi. Suuza mpaka maji yanayotoka yasibadilishe tena rangi ya karatasi ya pH, halafu kausha kwenye nyuzi 105.

Usiiruke asidi. Pumba zina potasiamu, na potasiamu ikipata moto huyeyusha uso wa silika na kuifungia kaboni ndani. Ukiziunguza hivihivi utapata majivu ya kijivu yenye vidoa vyeusi, na hata ukiyarudisha tanurini mara tatu vidoa havitoki. Zilizopita kwenye asidi zinatoka nyeupe kama unga wa muhogo.

Zitandaze nyembamba kwenye sahani ya kauri, upandishe joto polepole hadi nyuzi 650, uache saa nne huku hewa ikipita. Usivuke 700. Unachotaka ni silika isiyo na mpangilio wa fuwele, kwa sababu ndiyo inayoungana na chokaa kwa urahisi. Joto likizidi sana inageuka kristobalaiti, ambayo ni mvivu wa kuungana na vumbi lake huharibu mapafu. Hata kabla ya hapo, vaa barakoa halisi ya vumbi kila unapoishughulikia. Kitambaa hakitoshi.

Gramu 400 zinatosha kukupa silika zaidi ya gramu 52 tunazohitaji. Ziada ihifadhi kwenye chupa iliyofungwa.

Hatua ya 2: Chokaa kutoka maganda

Muuza chipsi mayai wa jirani atakupa maganda bure, ukimwachia ndoo asubuhi. Ganda moja kavu lina gramu 5 au 6, kwa hiyo maganda 25 yanatosha. Yachemshe nusu saa, umenye ule utando wa ndani kadiri utakavyoweza, yakaushe na uyasage mpaka yapite kwenye chekeche laini.

Wengi huyachoma kwanza ili wapate chokaa hai. Mimi siku hizi siyachomi. Chokaa hai hunyonya unyevu na hewa ukaa kutoka chumbani, na katika hali ya hewa ya Pwani, ukipima saa nne asubuhi na saa nane mchana unapata vitu viwili tofauti. Unga wa ganda wenyewe ni kaboneti tulivu, unabaki ulivyo. Unachopaswa kujua ni usafi wake tu: choma gramu 10 kwenye nyuzi 900 kwa saa mbili, upoze kwenye desiketa, chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu, na upime mara moja. Kaboneti safi ingebakisha gramu 5.6. Ganda zuri hubakisha pungufu kidogo, kwa kuwa takriban 95% yake ndiyo kaboneti.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Kupata gramu 100 za wolastonaiti unahitaji gramu 86.2 za kaboneti safi na gramu 51.7 za silika. Kwa ganda lenye kaboneti 95%, hiyo ni kama gramu 91 za unga wa ganda na gramu 52 za majivu meupe.

Vichanganye kwenye kinu cha mipira pamoja na ethanoli kwa saa 12, ukaushe, utie kwenye kikombe cha alumina na uchome nyuzi 1100 kwa saa nne. Toa, saga tena, choma tena. Mara ya pili si anasa: mara ya kwanza chokaa hukimbilia kutengeneza silikati nyingine yenye kalsiamu mara mbili, Ca2SiO4, na inahitaji kusagwa na kurudishwa motoni ili ikutane na silika iliyobaki.

Mizani itakuambia mengi kabla hujalipia mashine ya eksirei. Ulianza na gramu 143. Hewa ukaa na utando vikishatoka, zinabaki kama 101. Ukipima ukakuta 120, kaboneti bado imo. Dondoshea chembe ya unga asidi hafifu: ukiona mapovu, rudisha tanurini.

Ukiweza kupata kipimo cha mtawanyiko wa eksirei, tafuta kilele kikuu cha wolastonaiti karibu na pembe ya digrii 30. Kilele kikubwa karibu na 32 maana yake ile silikati nyingine haijaisha, na karibu na 22 maana yake una kristobalaiti.

Saga tena hadi unga upite chekeche la maikromita 45. Unga wa chengachenga hautashika kwenye nyuzi za sponji tutakayoichovya hatua zijazo, utateremka chini kama mchanga kwenye uji.

Hatua ya 4: Sponji

Hapa tupunguze mwendo.

Tunachokifanya ni kunakili. Sponji ya polyurethani inachovywa kwenye rojo ya kauri, rojo inazivika nyuzi zake, halafu sponji inaungua na kubaki umbo lake kwa kauri. Njia hii ilipewa hataza Marekani mwaka 1963, na hadi leo ndiyo rahisi kuliko zote kwa kupata matundu yanayowasiliana. Lolote lililomo kwenye sponji litanakiliwa, pamoja na kasoro zake.

Mfupa unataka nini? Tundu lisipungue maikromita 100, na ni bora lifike 300 au zaidi ili mishipa midogo ya damu ipite. Unywele wa kichwani una upana wa maikromita 70 hivi, basi tundu zuri ni upana wa nywele nne au tano zikiwa bega kwa bega. Na ukubwa wa tundu peke yake hautoshi, lazima liwe na madirisha ya kwenda kwenye matundu jirani. Chumba kikubwa kisicho na mlango hakimfai mpangaji.

Sponji ya godoro inapatikana kila kona, na kwa mazoezi inafaa. Tatizo lake ni kwamba madirisha mengi yana utando mwembamba wa plastiki, kama ngozi ya kitunguu. Ikate kipande chembamba, uinue kwenye mwanga wa dirisha na kuigeuzageuza, utaona utando ukimetameta. Au weka kipande mdomoni upulize: kama hewa inapita kwa shida, rojo nayo itapita kwa shida.

Kufungua utando huo, loweka sponji kwenye kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni, gramu 100 kwa lita moja ya maji, kwenye nyuzi 60. Angalia kila baada ya nusu saa. Baadhi ya sponji hufunguka kwa saa mbili, nyingine huchelewa. Ukizidisha, nyuzi zenyewe huanza kulika. Vaa miwani na glovu nzito, kisha suuza mara nyingi na kausha. Faida ya ziada ni kwamba uso wa nyuzi huparuzwa kidogo na rojo hushika vizuri. Ukiwa na fedha, agiza sponji ya kichujio iliyokwisha kufunguliwa kiwandani, yenye matundu 45 hadi 60 kwa inchi, nawe utaruka aya hii yote.

Kata mitungi midogo kwa bomba la chuma lililonolewa ukingo, ukizungusha bila kukandamiza. Kauri itasinyaa motoni kati ya 15% na 25% kila upande, kwa hiyo ukitaka mtungi wa milimita 10, kata wa 13.

Hatua ya 5: Rojo

Pasha mililita 120 za maji yaliyotoneshwa hadi nyuzi 85, umiminie gramu 4 za polivinili alkoholi, ambayo ndiyo gundi yetu, kidogokidogo huku ukikoroga, mpaka maji yawe maangavu. Acha yapoe kabisa. Kisha tia gramu 100 za unga kwa awamu, ukiendelea kukoroga kwa saa nzima.

Uzito wake uwe kama wa uji wa mtoto: chovya kijiti, kiinue, rojo ikivike kote na matone yadondoke moja moja. Ikitiririka kama maziwa, itakimbia yote na kukuachia nyuzi tupu. Ikining'inia kama ugali mlaini, itaziba madirisha.

Tengeneza unayoihitaji leo tu. Wolastonaiti ikikaa majini huachia kalsiamu, pH inapanda, na rojo iliyokuwa nzuri asubuhi huganda kufikia jioni.

Hatua ya 6: Kuchovya

Zamisha sponji, ibane ikiwa ndani ya rojo na uiachie ijifungue, mara tatu au nne, mpaka mapovu yaishe. Itoe. Ibane taratibu kati ya vioo viwili bapa ili ziada itoke, igeuze upande, ibane tena. Kisha pulizia hewa laini kutoka pande zote. Blowa ya kukaushia nywele bila kuwasha joto inatosha.

Sasa inua mbele ya taa. Unapaswa kuona mwanga ukipenya kama unavyopenya kwenye pazia zito. Kama huoni mwanga, matundu ya katikati yameziba, na ukipima baadaye utafurahia uzito na nguvu za kiunzi kumbe ni tofali.

Laza juu ya wavu, si juu ya sahani, la sivyo rojo itajikusanya chini na kutengeneza sakafu. Kausha kivulini saa 24, ukigeuza saa ya kwanza kila dakika kumi, kisha saa nyingine 12 kwenye nyuzi 60. Koti la pili, la rojo nyepesi kidogo, linaongeza nguvu sana. La tatu sijawahi kuliona likifaa, maana linaanza kula madirisha.

Hatua ya 7: Moto

Vipande vyangu vya kwanza kabisa nilivichoma kwa kasi ya nyuzi 10 kwa dakika, kwa kuwa nilikuwa na ratiba ya kuwahi. Asubuhi nilifungua tanuri nikakuta vishungi 12 vya unga, kila kimoja kimekaa mahali pake kama majivu ya sigara. Kazi ya wiki tatu. Nilikaa kwenye kiti nikavitazama muda mrefu kabla sijavifagia.

Kilichotokea ni hiki. Kati ya nyuzi 250 na 400 sponji hulainika, huvimba na kutoa gesi nyingi. Wakati huo chembe za unga hazijashikana, zinashikiliwa na gundi tu, nayo gundi inaungua vilevile. Gesi ikitoka kwa pupa inapasua koti lote. Ikitoka polepole, inapenya kwenye vinyufa vidogo na koti linabaki limesimama.

Kwa hiyo panda nyuzi 1 kwa dakika mpaka 400, kisha nyuzi 2 kwa dakika mpaka 600, utulie hapo saa moja. Kuanzia hapo hatari imepita: panda nyuzi 5 kwa dakika mpaka 1100, utulie saa tatu, uzime. Ukiwasha saa 1 asubuhi, unafika nyuzi 400 karibu saa 7 na robo mchana, na kuzima ni kama saa 2 na nusu usiku. Nimeipanga hivyo makusudi, saa za moshi ziwe za mchana ukiwa macho. Moshi wa polyurethani una monoksaidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Tanuri iwe chini ya bomba la kunyonya hewa, na kama bomba halifanyi kazi siku hiyo, ahirisha. Usiseme utafungua madirisha.

Usifungue tanuri mpaka ishuke chini ya nyuzi 100. Mlango ukifunguliwa kwenye 400 unapasua kauri kwa baridi ya ghafla, na nyufa hizo hutaziona kwa macho.

Wenye tanuri ya kufika 1250 hadi 1300 wanaweza kwenda huko, kuta zitashikana vizuri zaidi. Juu ya nyuzi 1125 hivi wolastonaiti hubadilisha mpangilio wake na kuwa aina ya joto la juu, na ikipoa kwa kawaida hairudi. Nayo huvaa koti la madini ya mfupa, kwa hiyo si hasara. Andika tu kwenye daftari ni ipi unayo, maana huyeyuka kwa kasi tofauti na matokeo yake hayachanganywi.

Hatua ya 8: Pima kabla ya kujisifu

Uwazi unapimwa kwa rula na mizani. Mtungi wa kipenyo cha milimita 10 na kimo cha milimita 10 una ujazo wa sentimita za ujazo 0.785. Ukiwa na gramu 0.34, msongamano wake ni 0.43. Gawa kwa 2.9, ambao ni msongamano wa wolastonaiti isiyo na matundu, unapata 0.15. Maana yake 15% ni kauri na 85% ni nafasi tupu. Mfupa wa sponji, ule wa ndani ya vichwa vya mifupa mirefu, una uwazi kati ya 50% na 90%, kwa hiyo upo mahali pake.

Nguvu ndiyo inayouma. Kiunzi cha namna hii mara nyingi hukatika kabla ya megapaskali 1. Kwa mtungi wetu, megapaskali 0.5 ni niutoni 39, yaani dumu lenye lita nne za maji likiwekwa juu yake. Mfupa wa sponji ulio dhaifu unahimili megapaskali 2, ambazo kwa upana uleule ni kilo 16, karibu ndoo kubwa ya maji. Sababu ya udhaifu ni wazi ukivunja kipande na kutazama: katikati ya kila ukuta kuna mfereji wa pembetatu, mahali ulipokuwa uzi wa sponji. Ukuta ni mtupu ndani kama mrija. Koti la pili, unga laini zaidi na joto la juu zaidi ndizo dawa, na zote zinagharimu uwazi kidogo. Pima vipande visivyopungua vitano, na uripoti vyote, pamoja na kile kilichokuangusha.

Hatua ya 9: Majimaji ya mfano wa damu

Kichocheo kinachotumika zaidi ni cha Tadashi Kokubo na Hiroaki Takadama, kilichochapishwa mwaka 2006. Tumia chombo cha plastiki, kwa kuwa mikwaruzo ya kioo huanzisha chembe mahali usipotaka. Weka mililita 700 za maji yaliyotoneshwa kwenye nyuzi 36.5, utie kimoja baada ya kingine, kila kimoja kiyeyuke kabisa kwanza, kwa mpangilio huu:

NaCl gramu 8.035
NaHCO3 gramu 0.355
KCl gramu 0.225
K2HPO4·3H2O gramu 0.231
MgCl2·6H2O gramu 0.311
asidi hidrokloriki ya molari 1, mililita 39
CaCl2 gramu 0.292
Na2SO4 gramu 0.072

Kisha tia Tris, kemikali ya kutuliza pH, gramu 6.118 kidogokidogo ukitazama kipima pH, usahihishe kwa matone ya asidi mpaka 7.40 kwenye nyuzi 36.5, na ujazie hadi lita moja. Asidi hutangulia kalsiamu kwa sababu ya msingi: kalsiamu ikikuta fosfeti bila asidi, huungana nayo papo hapo. Majimaji yakionyesha ukungu hata kidogo, mwaga, yasiokolewe. Yakiwa maangavu, yahifadhi kwenye friji na uyatumie ndani ya siku 30.

Mtungi mmoja upewe mililita 100, uwekwe kwenye nyuzi 36.5, na utoe vipande siku ya 1, 3, 7 na 14. Suuza kwa maji safi, kisha ethanoli, kausha bila moto. Kalsiamu hutoka kwenye kauri na hidrojeni huingia badala yake, unabaki utando wa silika laini uliojaa maji. Utando huo huvuta kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye majimaji, na taratibu zinajipanga kuwa haidroksiapataiti yenye kaboneti, ndiyo yale madini ya jamii ya mfupa. Kwa hadubini utaona vijipira vilivyobanana kama koliflawa. Kwa eksirei, vilele vipana karibu na digrii 26 na 32. Weka pia vipande viwili ambavyo havijaloweshwa kabisa, uvipige picha kwa ukuzaji uleule. Bila hivyo huwezi kumshawishi yeyote kwamba koliflawa haikuwepo tangu mwanzo.

Andika pH kila siku. Wolastonaiti huipandisha, na namba hiyo utaihitaji kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 10: Kumkabidhi mtu wa seli

Mtu wa seli atakuuliza mambo mawili: kipande kimetakaswaje, na pH inafika ngapi. Kutakasa ni rahisi, joto kavu la nyuzi 160 kwa saa mbili, maana kauri haijali. pH ndiyo inayoua. Seli zikiwekwa moja kwa moja juu ya silikati mpya hufa kwa siku ya kwanza, na watu huandika kwamba kauri yao ina sumu. Kwanza loweka kipande kwenye chakula cha seli kwa siku mbili au tatu, ukibadilisha kila siku, mpaka pH itulie karibu na 7.4. Baada ya hapo ndipo seli zipandwe.

Ukifika kwenye wanyama, Tanzania utapitia kamati ya maadili ya chuo chako, uiulize pia kama unahitaji kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu). Anza kuandika maombi hayo wakati vipande vyako bado vinakauka kivulini, kwa sababu karatasi huchukua muda mrefu kuliko tanuri. Ambatanisha picha za siku ya 7, jedwali la nguvu la vipande vyote vitano, na ratiba ya moto kama ulivyoifuata kweli, pamoja na saa ulipofungua mlango.